Kidole Juu ya Kioo: Kamera Katika Nchi ya Chai

Katika mashamba ya chai ya Kericho, kidole cha mfanyakazi kilitiwa wino miaka mingi kabla uso wake haujapigwa picha. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia nyanda hizi katikati ya miaka ya 1920, na kibarua aliyekuja kung'oa visiki na kupanda miche alifika na kipande shingoni: karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha bati, ambayo serikali ya kikoloni ilianza kumlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuibeba mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Humo mliandikwa jina, kabila, mwajiri, mshahara, na chini yake zikapigwa alama za vidole. Picha haikuwamo. Kamera ilikuwa ya meneja, ya mmisionari au ya ofisa wa serikali, na kibarua aliingia kwenye picha zao pale tu alipokuwa amesimama karibu na chai.

Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa ili wanaume wa rangi zote waandikishwe kwa namna moja. Walowezi wakawaka. Kutiwa wino kama vibarua wao lilikuwa jambo lisilomezeka. Serikali ikamwita Sir Bertrand Glancy achunguze, na ripoti yake ya mwaka 1950 ikapendekeza kwamba anayeweza kutia sahihi aruhusiwe kutoa sahihi na picha badala ya vidole. Picha ikawa heshima ya bwana, kidole kikawa cha mtu wa chini. Leo kampuni za Japani zinatuuzia kamera inayoongozwa kwa kidole kama kilele cha maendeleo, na wazee waliobeba vikebe vile wangekuwa na haki ya kucheka.

Nimeanzia huko mbali kwa sababu swali hili, kama kamera ya dijitali inahitaji kweli skrini ya kugusa ili iweke fokasi na kuongozwa, huulizwa siku hizi kana kwamba limezaliwa dukani juzi. Kila kizazi cha wapigapicha kimebishana kuhusu kazi ya mkono na kazi ya mashine. Na nchi ya chai haiuchukulii ubishi wa namna hiyo kama mzaha: Mei 2023 mashine za kuchumia chai ziliteketezwa Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya kazi.

Picha iliwafikia watu wengi wa hapa kwa njia ya kitambulisho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sheria ya uandikishaji ilipanuliwa ikawahusu wanawake pia. Mama wa Litein, Mogogosiek au Silibwet, aliyezoea kupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai cha KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, sasa alitakiwa awe na picha ya pasipoti. Studio za miji midogo zilipata riziki hapo. Ndani ya studio fokasi haikuwa tatizo hata kidogo. Stuli ilikaa mahali pamoja, kamera ikakaa mahali pamoja, lenzi ikalengwa asubuhi na kuachwa hivyo mpaka jioni. Aliyebadilika ni mteja tu.

Ufundi ulionekana nje, kwenye harusi, mazishi na sherehe za shule. Pete ya lenzi ilikuwa imeandikwa mita na futi, na mpigapicha alijifunza kukadiria kwa macho: huyu yuko mita tatu, wale mita tano. Akifunga tundu la lenzi hadi namba 8 au 11, kila kilichokuwa mbele kidogo na nyuma kidogo ya hapo kilitoka safi, hivyo kosa dogo lilisamehewa. Mwenye kamera ya kioo cha ndani (SLR) alikuwa na msaada zaidi. Katikati ya kitundu cha kutazamia palikuwa na duara lililoigawa picha vipande viwili, na ulizungusha pete mpaka vipande vikaungana. Mkono wa kulia ulishika kamera na kubonyeza, mkono wa kushoto ukazungusha. Filamu ilikuwa na picha 36, ikapelekwa kusafishwa, na picha iliyokosa fokasi ilijulikana siku kadhaa baadaye, wakati bibi harusi ameshahamia kwao mume. Hakuna shule kali kuliko hiyo.

Uzito wa mkono huo wa kushoto alikuja kuujua Mohamed Amin kuliko mtu yeyote. Mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, mwanzilishi wa kampuni ya picha ya Camerapix, ndiye aliyezipiga picha za njaa ya Ethiopia za Oktoba 1984 zilizoitikisa dunia. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa alipokuwa kazini. Mlipuko ulimuua John Mathai, mwenzake wa sauti, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Kamera ya televisheni ya wakati ule ilikaa begani: mkono wa kulia ulipitishwa kwenye ukanda ukishika swichi ya kuvuta picha, wa kushoto ukaongoza pete ya fokasi. Kwa hiyo alichopoteza kilikuwa chombo chake cha kulengea. Alitengenezewa mkono wa bandia wa umeme, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini na kamera begani. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro.

Alipoumia Amin, kamera za picha za kawaida zilikuwa tayari zimeanza kuupumzisha mkono wa kushoto. Konica ilitoa C35 AF mwaka 1977, kamera ya kwanza ya kujilenga iliyouzwa kwa wingi. Minolta ikafuata mwaka 1985 na modeli ya 7000, yenye mota ndani ya mwili wa kamera, kisha mwaka 1992 baraza la mahakama la Marekani likaona kwamba imetumia uvumbuzi wa kampuni ya Honeywell bila haki, na ikalazimika kulipa zaidi ya dola milioni 100. Pamoja na hayo, njia ilikuwa imefunguka.

Ila kujilenga kulizaa swali ambalo pete ya mkono haikuwa nalo: mashine ilenge nini? Pete haikuhitaji kuambiwa, kwa kuwa aliyeizungusha ndiye aliyejua anamtaka nani. Kamera za mwanzo zililenga kilicho katikati, basi. Ukiwapiga maharusi wawili, katikati yao pana pengo, na katika pengo hilo kuna ukuta wa kanisa. Ukuta ukatoka safi, maharusi wakatoka kama walio majini. Wapigapicha wakajifunza hila: lenga uso mmoja, bonyeza kitufe nusu, shikilia, geuza kamera upange picha, kisha malizia kubonyeza. Hila hiyo inafanya kazi hadi leo.

Watengenezaji wakaongeza pointi. Canon 300D ya mwaka 2003, mojawapo ya kamera zilizoishusha dijitali hadi kwa mpigapicha wa kawaida, ilikuwa na pointi saba. 5D Mark III ya mwaka 2012 ilikuwa nazo 61. Kuzihamisha kwa vitufe vya mishale ni kama kutembea Kapsoit hadi Kericho kwa hatua za mtoto, kwa hiyo mwaka 2004 Canon 20D ikapewa kijiti kidogo nyuma, cha kusukumwa kwa kidole gumba huku jicho likiwa bado kwenye kitundu. Kwa maoni yangu, kile kijiti ndicho uvumbuzi bora kuliko yote katika habari hii, na hakikuwahi kusifiwa kwenye matangazo.

Skrini ya kugusa iliingia kwa mlango wa simu. Zilikuwapo kamera ndogo zenye skrini kama hiyo, Sony N1 ya mwaka 2005 kwa mfano, ila hazikubadili mazoea ya mtu. Mwaka 2009 iPhone 3GS ikamruhusu mtu aguse uso kwenye kioo na simu ilenge pale alipogusa. Mwaka uliofuata Panasonic ikaleta jambo hilo kwenye kamera ya kubadilisha lenzi, Lumix G2. Juni 2012 Canon ikatoa 650D, kamera ya kwanza ya kioo cha ndani yenye skrini ya kugusa, na 2013 ikaja 70D, ambayo kihisi chake chenyewe kilipima umbali kwa kila nukta. Hapo ndipo kugusa kulipata kazi ya kweli, na kazi hiyo ilikuwa video. Wakati wa kurekodi, kioo cha ndani kimeinuliwa na kitundu cha kutazamia kimekuwa giza, hivyo jicho halina pa kwenda ila skrini. Unagusa uso wa baba, fokasi inateleza hadi kwa baba. Unagusa kibuyu cha maziwa ya mursik mkononi mwa mama, inahamia kwenye kibuyu, taratibu, bila kamera kutikisika. Pete ya mkono inaweza kufanya hivyo ikiwa mkono ni wa bingwa. Vijana wengi walioanza kwa simu hawakuwahi kuwa na muda wa kuwa mabingwa wa pete, na video ya harusi wanaitoa safi.

Tatizo la nchi ya chai ni kwamba mbingu yake haikushauriwa. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo kutoka Ziwa Victoria hupanda hadi kwenye miinuko hii na kumwaga mvua, mara nyingi alasiri, wakati uleule sherehe zinapokolea. Pamoja na Nandi Hills, hapa panatajwa kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba watafiti waliwahi kuchunguza kama majani makavu ya chai yenyewe huchangia kuigandisha. Sasa, skrini ya siku hizi haihisi msukumo wa kidole. Chini ya kioo kuna wavu mwembamba wa umeme, na kidole kinapokaribia huuvuta umeme kidogo, kifaa kikajua kimeguswa wapi. Tone la maji huuvuta pia. Katika manyunyu, pointi ya fokasi huruka yenyewe kona hadi kona, au skrini hukataa kabisa. Glavu ya kawaida haipitishi kitu. Hata kidole kilichoota sugu kikakauka, kama cha mtu aliyechuma chai miaka mingi, wakati mwingine hakihisiwi. Asubuhi ya jua kali pia kioo hung'aa mpaka huoni unachokigusa. Kitufe hakina habari na hayo yote.

Ajabu ni kwamba picha zilizotikisa mashamba haya kuliko zote katika miaka ya karibuni zilipigwa bila mtu kulenga chochote. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi wa mwandishi aliyeingia kama mtafuta kazi katika mashamba ya Unilever na James Finlay, akiwa amevaa kamera ya siri. Zaidi ya wanawake 70 waliiambia BBC kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Mameneja walisimamishwa kazi na Bunge la Kenya likaagiza uchunguzi. Kamera za siri za aina hiyo kwa kawaida zina lenzi ndogo isiyohama, yenye upana wa fokasi unaofunika chumba kizima, na hazina skrini kwa kuwa ingemsaliti aliyezivaa. Ni hesabu ileile ya tundu dogo na mita tatu.

Watengenezaji wenyewe wamekuwa wakiyumba. Mwaka 2014 Leica ilitoa T, iliyochongwa kutoka bonge moja la alumini na kuongozwa karibu yote kwa kioo. Mwaka 2017 ikatoa CL, yenye kitundu cha kutazamia na vitufe. Fujifilm iliiwekea X-Pro2 kijiti mwaka 2016, bila skrini ya kugusa kabisa. Canon iliweka mkanda wa kugusa nyuma ya EOS R mwaka 2018, wanunuzi wakaulalamikia, na R5 na R6 za mwaka 2020 zikaja bila mkanda ila na kijiti. Wanaolengea kwa jicho la kushoto wana kisa chao pia: pua hugusa skrini, na fokasi hufuata pua.

Siku hizi kamera hutambua jicho la mtu na kulifuata yenyewe, na ungedhani kidole kimestaafu. Lakini nenda kwenye koito, pale familia mbili za Kipsigis zinapokutana kukubaliana mahari. Mbele ya lenzi kuna nyuso thelathini, na kamera haijui anayeposwa ni nani. Hujichagulia iliyo karibu au iliyo kubwa, mara nyingi mjomba aliyesimama kupokea wageni. Hapo lazima mtu aiambie kamera, na mwenye video hugusa uso wa msichana kwenye kioo wakati mwenye picha akisukuma kijiti. Nimetazama kazi za wote wawili na sikuona tofauti, mpaka mvua ilipoanza.

Kwa anayenunua kamera ya mtumba, na wengi hapa hununua hizo, jaribio ni fupi. Izime skrini ya kugusa kwenye menyu, kisha jaribu kuhamisha pointi ya fokasi na kubadili mwanga kwa vitufe peke yake. Skrini inayokunjuka imeunganishwa na mwili wa kamera kwa utepe mwembamba wa waya unaopita kwenye bawaba, nao huchoka kwa kukunjwa. Ukikatika, kamera yenye vitufe kamili hufanya kazi hadi jioni, na isiyokuwa navyo huenda kwa fundi siku hiyohiyo ya harusi.