Songo Songo, Kariakoo na kinu cha methanoli

Wadau, ukipita Kariakoo kwenye maduka ya chipbodi za makabati, jiulize: gundi iliyoushika ule unga wa mbao imetoka wapi? Mara nyingi hupikwa kwa urea na fomaldehaidi, na fomaldehaidi hutengenezwa kwa methanoli. Methanoli ni kilevi cha viwandani, sumu kabisa, usithubutu kuionja! Sehemu kubwa yake duniani hutokana na gesi asilia.

Gesi tunayo. Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Kwa nini basi haikuwa methanoli? Tuanze na historia ya kinu chenyewe.

Mwaka 1923 kampuni ya BASF ilianza kutengeneza methanoli kiwandani Leuna, Ujerumani. Kichocheo chao cha zinki na kromi kilidai presha mara 250 hadi 350 ya hii hewa tunayovuta. Kusukuma gesi mpaka hapo kunakula nishati isiyo na mfano. Shaba ingefanya kazi kwa presha ndogo, lakini gesi ya makaa ya mawe ilikuwa na salfa, na salfa huua shaba.

Mwaka 1966 ICI ya Uingereza ilivunja mwiko huo pale Billingham. Ilitumia gesi iliyosafishwa salfa na kichocheo cha shaba, presha ikashuka hadi kati ya 50 na 100.

Likabaki tatizo la joto. Methanoli inapojiunda hutoa joto kali. Likizidi, shaba inachoka na methanoli yenyewe inaanza kurudi kuwa gesi. ICI walipuliza gesi baridi katikati ya kinu. Miaka ya 1970 Lurgi ya Ujerumani ikaweka kichocheo ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji yanayochemka. Joto likageuka mvuke wa kuendesha mitambo ya kiwanda hichohicho. Kilichokuwa kero kikawa mtaji.

Na sisi? Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa Kilamco, kiwanda cha amonia na urea Kilwa. Amonia ni binamu wa methanoli, maana zote huanza kwa kuichanganya gesi na mvuke. Hakikujengwa. Gesi ikalala ardhini hadi 2004 ilipofika Dar kwa bomba na kuanza kuzalisha umeme Ubungo. Bomba la Mtwara likafuata 2015.

Umeme tunauhitaji, sibishi. Lakini gesi ikiungua imekwenda, haioti tena. Siku mwekezaji akija na michoro ya kiwanda cha methanoli, tusiulize ajira ngapi tu. Tumuulize: kinu chako kitakula gesi kiasi gani kwa kila tani, na joto lake linakwenda wapi? Anayekuja na kinu cha kizamani atakuwa anatuunguzia akiba ya wajukuu.

Mnasemaje?