Haki ya Mtega Kitendawili

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kuketi jioni na wenzako, mmoja akapaza sauti, "Kitendawili!" nanyi mkajibu, "Tega!" Neno hilo la pili lafaa kufikiriwa. Atengaye kitendawili huweka mtego, na mtego ni hila. Mbona basi twamkubalia mwenzetu atutegee, tena kwa furaha? Na ni lini twaweza kumwambia kwamba ametudhulumu?

Swali hili lina historia yake katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mtaa wa Pumwani ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940. Mbotela na mitaa ya Ofafa ikafuata katika miaka ya 1950. Wakazi wake walitoka Pwani, Nyanza, Ukambani, nchi ya Wakikuyu na kwingineko. Kila mmoja alikuja na vitendawili vya kwao, na Kiswahili kikawa uwanja wa wote.

Chukua kitendawili hiki cha zamani: "Kuku wangu katagia miibani." Jibu lake ni nanasi. Mtoto aliyelelewa karibu na shamba amekwisha kuliona tunda hilo likikaa kati ya majani yenye miiba, kama yai kiotani. Lakini mtoto wa Kaloleni hulijua nanasi lililokwisha kukatwa na kupangwa sokoni. Aambiwapo "Nipe mji," naye akautoa, ameshindwa kweli. Walakini hakushindwa kwa upungufu wa akili. Ufunguo uliachwa shambani.

Sasa chukua kingine: "Mzungu katoka Ulaya, mkono kiunoni." Msikilizaji huanza kumfikiria bwana mwenye kiburi, kumbe ni kikombe chenye mkono wake, nacho kimo katika kila chumba cha mtaa, pengine hata mkononi mwake wakati ule ule. Hila ni kubwa, lakini haki imetimia. Jibu likitajwa, kila neno laonekana lilikuwa likilielekea, na kitu chenyewe chajulikana na pande zote mbili.

Watu wa mbali nao walikutana na swali hili hili. Fumbo la maneno lenye miraba, kama yale yachapwayo magazetini, lilitungwa na Arthur Wynne, likatokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Huko Uingereza, katika miaka ya 1920, watunzi walilitia hila. Mmoja wao alijiita Torquemada, jina la mhukumu mkali wa Hispania ya kale. Na kwa kweli aliwatesa wasomaji wake! Baadaye A. F. Ritchie mwaka 1949, na D. S. Macnutt mwaka 1966, walitoa vitabu vilivyoeleza kanuni za haki. Kwa ufupi, mtunzi ana ruhusa ya kumpoteza msomaji, lakini maneno yake, yakisomwa sawasawa, hayana budi kulitaja jibu.

Tuipime kanuni hiyo kwa Kiswahili. "Mnyama mwepesi juu ya nyumba," herufi tatu. Jibu ni paa, kwa kuwa neno moja lataja mnyama na pia sehemu ya nyumba. Lakini mtu akiuliza, "Alichokiona babu yangu porini," jibu laweza kuwa paa, nyoka, au mti. Ufunguo umo mfukoni mwa mwulizaji peke yake. Hilo si fumbo, ni ubahili.

Labda utauliza, je, Sheng? Lugha hiyo ya vijana wa mitaa hii, iliyojulikana sana tangu miaka ya 1970, husemwa kwamba ilikua kwa sababu wazazi na watoto waliishi katika chumba kimoja, na vijana wakatafuta maneno yasiyofahamika kwa wakubwa. Je, kijana alimdhulumu mama yake? La, kwa maana hakumwambia "Kitendawili!" Alikuwa akifunga mlango, hakumwalika mtu kuingia.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Asemaye "Kitendawili!" ametoa ahadi kwamba jibu laweza kupatikana. Ahadi hiyo humfunga hata mwalimu atungaye mtihani. Akimwuliza mtoto wa Bahati swali ambalo ufunguo wake ni theluji asiyopata kuiona, kisha akamwandika mjinga, mwenye kosa ni nani? Mtoto hawezi kutoa mji akaendelea na mchezo. Alama ile yaweza kumfuata miaka mingi.

Basi, msomaji, siku utakapoketi mahali pa mwulizaji, tega upendavyo. Lakini kabla ya kufungua kinywa, hakikisha kwamba ufunguo umo ndani ya maneno yako, na kwamba aliye mbele yako amepata kuuona mlango.