Mwanasheria wa ufichuzi

Nomino, ngeli ya A-WA. Wingi: wanasheria wa ufichuzi. Uwanja: sheria na masoko ya mitaji.

Maana

Mwanasheria anayemsaidia mtoaji wa hatifungani, hasa manispaa, jiji au mamlaka ya umma, kuandaa waraka wa matarajio, na kuhakikisha kwamba waraka huo hausemi uongo wala hauachi jambo ambalo mnunuzi makini angelihitaji kabla ya kutoa fedha zake.

Muundo wa istilahi

*Ufichuzi* hutokana na kitenzi *fichua*, kauli ya kutendua ya *ficha*, kama *fungua* kwa *funga* na *zibua* kwa *ziba*. Kwa sababu hiyo neno hudokeza kwamba kulikuwa na jambo lililofichwa, na katika magazeti *kufichua* huambatana na *njama*, *wizi* na *uovu*. Msomaji asiyezoea istilahi hii anaweza kudhani kuwa mwanasheria huyu humuumbua mteja wake. Sivyo. Katika sheria ya masoko ya mitaji, *ufichuzi* ni wajibu wa kuweka bayana habari zenye uzito, ziwe njema au mbaya. Katika maandishi ya umma, *mwanasheria wa utoaji taarifa* ni mbadala unaoeleweka kwa urahisi, ingawa *kutoa taarifa* hakubebi kikamilifu wazo la kutobakiza kitu.

Kazi yake

Istilahi hii ina mizizi Marekani, ambako manispaa zimekopa kwa hatifungani tangu karne ya 19. Huko hutofautishwa na *mwanasheria wa hatifungani*, ambaye hutoa maoni kwamba deni limetolewa kihalali na, inapohusika, kwamba riba yake imesamehewa kodi ya shirikisho. Mwanasheria wa ufichuzi husoma mihtasari ya vikao vya baraza, mikataba, kesi zilizoko mahakamani na hesabu zilizokaguliwa. Humhoji mweka hazina. Kisha hulinganisha aliyoyapata na yaliyoandikwa. Umuhimu wake ulionekana wazi baada ya Orange County, California, kuomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mnamo Desemba 1994, kufuatia hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5 katika mfuko wake wa uwekezaji. Mwaka 1996 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani walieleza katika taarifa yao kwamba viongozi wanaoidhinisha waraka hawawezi kujivua wajibu juu ya yaliyomo.

Hali ya Tanzania

Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 ndiyo msingi wa usimamizi wa waraka wa matarajio. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 huziruhusu halmashauri kukopa kwa idhini ya waziri. Mfano wa karibu zaidi ni hatifungani ya kijani ya Mamlaka ya Maji Tanga, iliyozinduliwa Februari 2024: shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Mtoaji alikuwa mamlaka ya maji wala si manispaa, lakini swali la mnunuzi ni lile lile: fedha za kunilipa zitatoka wapi, na nini kinaweza kuzizuia?

Mfano wa kubuni: Kigoma-Ujiji

Tuchukulie kwamba Manispaa ya Kigoma-Ujiji inataka kukopa ili kujenga soko, na italipa kwa ushuru wa samaki na dagaa katika mialo yake, ukiwamo wa Kibirizi. Rasimu inasema: *Mapato ya mialo yataongezeka kila mwaka.* Mwanasheria wa ufichuzi atauliza mambo mawili. Kwanza, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ushuru wa miezi hiyo umehesabiwaje? Pili, maji ya ziwa yamepanda katika miaka ya karibuni na kufunika sehemu za mwambao. Je, soko litajengwa wapi? Hakuna linalofichwa hapa: kila mkazi wa Ujiji anayajua yote mawili. Mnunuzi aliyeko Mwanza au Mtwara ndiye asiyeyajua. Sentensi iliyorekebishwa itakuwa: *Mapato ya mialo yanatarajiwa kuongezeka, hata hivyo, yanaweza kupungua uvuvi unaposimamishwa au maji ya ziwa yanapopanda.*

Tanbihi za matumizi

1. *Hakuona* na *hakuna*. Mwishoni mwa kazi, mwanasheria huandika barua ya kueleza kwamba, katika uchunguzi alioufanya, hakuona jambo la kumfanya aamini kuwa waraka una kasoro yenye uzito. Anayetafsiri *hakuna kasoro* amegeuza kauli ya shahidi kuwa dhamana. Irabu moja imehamisha hasara kutoka kwa mnunuzi hadi kwa mwanasheria, au imempa mnunuzi matumaini asiyostahili kuwa nayo.

2. *-ta-* na *-natarajiwa*. Kiambishi *-ta-* husomwa kama ahadi. Makadirio yaandikwe kwa *-natarajiwa* au *-naweza*, pamoja na sharti lake.

3. *Ufichuzi* na *uwazi*. Mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizoanza majaribio ya mpango wa kimataifa wa serikali wazi. Tanzania ilijiondoa katika mpango huo mwaka uliofuata. Huo ulikuwa *uwazi*: mwenendo wa serikali kwa raia wote. *Ufichuzi* ni deni mahususi kwa yule anayeombwa fedha. Halmashauri inaweza kubandika bajeti ukutani kila mwaka na bado ikapungukiwa na ufichuzi.

Tazama pia: hatifungani, waraka wa matarajio, mweka hazina, mwalo, dhamana.