Pasta aliyelazwa na wagonjwa wa akili, na masomo aliyotuachia

Mtu aliyekimbia vita akimwambia pasta wake kwamba hapati usingizi, mara nyingi anajibiwa: funga, omba, samehe. Wengine wanaambiwa imani yao ni ndogo. Wengine, na hili ni baya zaidi, wanaambiwa kuna mtu nyumbani anayewaloga, na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mtoto au bibi mzee. Wachache wanajua kwamba makanisa yana masomo ya juu ya ushauri, yenye miaka mia moja hivi, na kwamba mmoja wa walioyaanzisha alikuwa pasta aliyewahi kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Jina lake Anton Boisen, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1876. Mwaka 1920 akili yake ilichafuka ghafla. Aliona maono ya kutisha, akaamini kwamba dunia inaangamia. Jamaa zake walimpeleka hospitali katika jimbo la Massachusetts, na huko alikaa zaidi ya mwaka mmoja. Alipoanza kupata nafuu aliwatazama wagonjwa wenzake kwa macho mengine. Wengi walikuwa wanapigana na mambo ya Mungu, hatia na kifo, lakini hakuna aliyeketi nao kuwauliza. Daktari aliachia mambo hayo watu wa dini, na mtu wa dini alikuja kuhubiri, kisha akaenda zake.

Boisen alitoka hospitali akarudi shule. Mwaka 1924 akawa mchungaji wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester. Katika kiangazi cha mwaka 1925 alipokea wanafunzi wa kwanza wa teolojia. Hawakupewa mimbari. Walipewa kazi za wahudumu wa wodi: kuwa na wagonjwa mchana kutwa, kuwasikiliza, halafu kuandika na kujadiliana waliyoyaona. Boisen alifundisha kwamba mtu aliyeumia ni kama kitabu, na pasta anapaswa kumsoma kwa bidii ile ile anayosomea Maandiko. Mwaka huo huo daktari Richard Cabot, aliyemuunga mkono, aliandika akitaka kila mwanafunzi wa teolojia apate mafunzo kando ya wagonjwa, kama wanavyofanya wanafunzi wa udaktari.

Boisen aliugua tena baadaye, akapona tena, akaendelea na kazi. Alifariki mwaka 1965. Tuseme ukweli: mtu wa namna hiyo akiomba kazi leo katika makanisa yetu mengi, barua yake haitajibiwa.

Mbegu hiyo iliingia katika vyuo vikuu. Huko Claremont, California, profesa Howard Clinebell alifundisha ushauri wa kichungaji, na kitabu chake cha mwaka 1966 kilisomwa na wachungaji wengi. Si wote waliofurahi. Mwaka 1970 Jay Adams, naye mchungaji wa Marekani, aliandika kwamba wanasaikolojia wamenyang'anya kanisa kazi yake, na kwamba Biblia inatosha kumshauri mtu. Ubishi huo haujaisha hata leo.

Mkongomani mmoja alisoma Claremont na kurudi na swali ambalo Wamarekani hawakuwa nalo. Huyo ni Masamba ma Mpolo. Tasnifu yake ya doktora, mwaka 1975, ilihusu Waafrika wanaoamini kwamba wamelogwa. Hakuwacheka, wala hakukimbilia kufukuza pepo. Alitafuta kilicho nyuma ya neno hilo kindoki: ugomvi wa ndugu, wivu, hatia, kijana anayetaka kujitegemea huku ukoo unamvuta. Kwake, kumponya mtu peke yake chumbani, kwa mtindo wa Ulaya, hakutoshi. Jamaa lazima waketi pamoja na maneno yatoke. Baadaye alifanya kazi Geneva katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, akishughulikia mambo ya familia. Kama mawazo yake yangefika katika kila chumba cha maombi, watoto wangapi wangebaki nyumbani kwao badala ya kufukuzwa barabarani?

Kasoro ya masomo haya ni bei na umbali. Shahada ya juu inadai miaka, pesa na vitabu vya Kifaransa au Kiingereza, na mama aliye chini ya hema hawezi kungoja. Lakini elimu hiyo imeanza kushuka. Bukavu, katika hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege chini ya kanisa la CEPAC, mama aliyebakwa hapasuliwi tu na kurudishwa nyumbani. Kuna watu waliofundishwa kumsikiliza. Mwaka 2004 kilichapishwa Nairobi kitabu cha kuponya majeraha ya moyo, na kati ya waandishi wake alikuwemo Margaret Hill, aliyefanya kazi ya kutafsiri Biblia hapa Congo. Kinafundisha viongozi wa kanisa wasio na shahada kuuliza maswali matatu: Ni nini kilitokea? Ulijisikiaje? Ni kipi kilikuwa kigumu zaidi kwako? Baada ya kila swali, anayeuliza ananyamaza.