Kutoka Lori la Kurekodia hadi Meza ya Nyumbani: Historia ya Maikrofoni ya Kondensa ya USB na Nafasi Yake katika Uhifadhi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafuatilia historia ya maikrofoni ya kondensa inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB la kompyuta, na kuonesha jinsi chombo hicho kilivyobadili mazingira ya kurekodi sauti katika nchi zinazotumia Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba chombo hiki kilihamisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, kilihamisha uamuzi wa sauti ipi irekodiwe, kutoka mikononi mwa makampuni na wasafiri hadi kwa msemaji mwenyewe. Pili, kilihamisha kazi ya fundi mitambo, ambayo sasa imemwangukia msemaji huyohuyo. Uhamisho wa kwanza umesifiwa sana. Wa pili umepewa uzito mdogo, na hasara yake inazikabili hifadhi za lugha.

2.0 Enzi ya Kuifuata Maikrofoni

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sauti ilikwenda ilipo mitambo, au mitambo ililetwa kwa uamuzi wa mtu wa nje. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay ili nyimbo zao za taarab zitiwe katika santuri. Mwaka 1948 lebo ya Ngoma ilianzishwa Léopoldville, na mwanamuziki aliyetaka kusikika alilazimika kuufikia mlango wa studio.

Njia ya pili inaonekana katika safari za Hugh Tracey. Mwaka 1952 alipita Uganda, Rwanda na Kongo akirekodi muziki wa makasri ya wafalme na wa vijijini. Mitambo yake ilisafirishwa kwa lori pamoja na jenereta, ambayo ilipaswa kuwekwa mbali ili mngurumo wake usiingie katika sauti. Rekodi hizo zimo katika hifadhi ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na thamani yake haina ubishi. Hata hivyo, msafiri ndiye aliyechagua kijiji, siku, wimbo na mahali pa kukata. Kilichosemwa lori lilipokwisha kuondoka hakikuingia katika kumbukumbu.

3.0 Safari ya Chombo Chenyewe

Maikrofoni ya kondensa ilibuniwa na E. C. Wente nchini Marekani mwaka 1916. Ndani yake mna utando mwembamba sana unaopitisha umeme, uliowekwa karibu na bamba lisilosogea. Sauti inapougonga utando, nafasi kati ya viwili hivyo hubadilika, na badiliko hilo hugeuka kuwa ishara ya umeme. Kwa kuwa utando ni mwepesi, hunasa hata pumzi na mikwaruzo midogo ya koo. Lakini wepesi huo una gharama: chombo hakifanyi kazi bila umeme wake chenyewe, na ishara yake ni dhaifu mno kiasi cha kuhitaji kikuza ishara kilicho karibu.

Gharama hiyo ilipungua kwa hatua. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, watafiti wa maabara ya Bell, walibuni utando unaobaki na chaji ya umeme kwa kudumu. Mbinu hiyo ndiyo iliyoingia baadaye katika vinasa sauti vya kaseti, simu na kompyuta. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitoa maikrofoni ya KM 84, iliyopokea volti 48 kupitia waya uleule uliobeba sauti. Hata hivyo, bado palihitajika mtambo wa kutoa volti hizo na, baadaye, kifaa cha kugeuza ishara kuwa tarakimu za kompyuta.

Kiwango cha USB kilichapishwa mwaka 1996, na kanuni zake za vifaa vya sauti zikafuata mwaka 1998. Mwaka 2000 programu ya Audacity ilitolewa bure, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida akaweza kurekodi na kuhariri bila kununua leseni. Mwaka 2005 zilitoka Samson C01U na Blue Snowball, miongoni mwa maikrofoni za mwanzo za kondensa zilizounganisha utando, kikuza ishara na kigeuzi katika gamba moja, vyote vikiendeshwa na volti 5 za tundu la USB. Blue Yeti ilifuata mwaka 2009. Kazi iliyohitaji lori mwaka 1952 sasa ilitoshea mezani, na kompyuta yenye betri iliweza kuiendeleza hata umeme ukikatika.

4.0 Kazi Iliyohamia Nyumbani

Kilichobaki nje ya gamba hilo ni chumba, na chumba ndicho fundi wa studio alichokishughulikia kabla ya jambo lingine lolote. Wepesi wa utando unaonasa pumzi ya msimulizi hunasa pia pangaboi, mvua juu ya bati, bodaboda barabarani na mwangwi wa kuta za saruji. Mtumiaji anayeona rekodi yake ina kelele huilaumu maikrofoni, ilhali maikrofoni imetenda kazi yake barabara.

Yapo mambo manne yanayoamua ubora wa rekodi ya nyumbani, na hakuna hata moja linalonunuliwa pamoja na chombo. La kwanza ni mahali: chumba chenye magodoro, mapazia mazito na nguo nyingi kinafaa kuliko sebule tupu yenye sakafu ya vigae. La pili ni umbali. Msemaji anapokaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, sauti yake huushinda mwangwi. Kila umbali unapopunguzwa kwa nusu, sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 6 huku mwangwi ukibaki karibu vilevile. Kitambaa chepesi kilichowambwa mbele ya maikrofoni huzuia mshindo wa pumzi katika herufi "p" na "b".

La tatu ni uelekeo na kiwango. Maikrofoni nyingi za aina hii hupokea sauti kwa ubavu wala si kwa ncha, na katika mpangilio wenye umbo la moyo husikia zaidi upande wa mbele na kuacha upande wa nyuma. Kiwango cha kupokea kirekebishwe ili vilele vya sauti vibaki takriban desibeli 12 chini ya kikomo, kwa kuwa sauti iliyokwisha kupasuka hairekebishiki. La nne ni faili. Faili ya WAV ya mkondo mmoja, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, huchukua takriban megabaiti 518 kwa saa. Ukubwa huo huwashawishi wengi kuibana faili kwa MP3 ili itumwe kwa simu, kisha kuifuta ile ya asili. Kinachopotea hapo hakirudi.

5.0 Athari kwa Utafiti na Sera

Swali la nani anasikika limepata uzito mpya katika zama za mashine zinazotambua usemi. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, hukusanya sauti zinazotolewa na watu kwa vifaa vyao wenyewe. Kinyarwanda kimepata humo zaidi ya saa 2,000, na Kiswahili nacho kimo. Mfano wa Rwanda unathibitisha kwamba lugha yaweza kukusanyiwa sauti nyingi bila kusubiri studio kubwa, ilimradi wazungumzaji waandaliwe.

Kwa Kiswahili, suala la aina za usemi ni nyeti zaidi. Kiswahili cha Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura na Kampala hakina nafasi katika studio za utangazaji kama ile ya Kiswahili sanifu. Iwapo hakitarekodiwa na wenyewe nyumbani, mashine na kamusi zijazo zitakihesabu kuwa kosa.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Mosi, vyuo vinavyofundisha Kiswahili viingize mbinu za kurekodi katika mafunzo ya utafiti wa uwandani, sambamba na mafunzo ya kuandika hojaji. Pili, hifadhi zisikatae rekodi za nyumbani kwa kigezo cha biti pekee. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, unapendekeza biti 24, ilhali maikrofoni nyingi za USB za kizazi cha kwanza zilitoa biti 16. Katika nyumba ya kawaida, kelele za chumba huzidi kwa mbali kasoro ya biti hizo. Tatu, kila rekodi iambatane na maelezo ya mahali, tarehe, lahaja na ridhaa ya msemaji, kwani sauti isiyojulikana asili yake ni mali isiyotumika.

6.0 Hitimisho

Historia hii haioneshi kwamba mashine imemkomboa msemaji. Inaonesha kwamba uwezo na wajibu vimehamia mahali pamoja. Zamani bibi msimulizi wa Uvira alihitaji lori la mgeni ili sauti yake idumu. Leo anamhitaji mjukuu mwenye kompyuta, chumba tulivu na maarifa ya saa chache. Kompyuta na maikrofoni hununuliwa dukani. Maarifa hayo ni jukumu la taasisi zetu, na wasimulizi wenye umri mkubwa hawatazisubiri.