Habari za Kumlikiza Mtoto na Chakula Chake cha Kwanza

Katika maneno ya Kiswahili yahusuyo malezi, moja lastahili kuangaliwa kwanza, nalo ni kulikiza. Mtumishi husema amepewa likizo, yaani ameachiliwa kazi kwa muda. Na mama husema amemlikiza mwanawe, yaani amemkomesha kunyonya. Neno ni moja. Lakini mtumishi huijua siku yake ya kurudi, bali mtoto aliyelikizwa harudi tena alikotoka. Ndiyo sababu watu wa kale hawakulihesabu jambo hili kuwa dogo. Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa, wala Hana hakumpeleka Samweli Shilo mpaka alipokwisha kumwachisha. Katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, yule mama wa vijana saba amkumbusha mwanawe wa mwisho miaka mitatu aliyomnyonyesha. Nayo Kurani yataja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Mtoto aliyefika siku hiyo akiwa hai alikuwa amevuka hatari ya kwanza; lakini papo hapo alikuwa akiingia katika ya pili. Hiyo ya pili ndiyo tutakayoieleza, kama ilivyoonekana katika nchi za Afrika ya Mashariki.

Chakula cha kwanza cha mtoto katika sehemu nyingi za nchi hizi ni uji, lakini uji wa leo si uji wa mababu. Nafaka za kale ni mtama, uwele na ulezi, nazo ni za Afrika yenyewe. Ulezi, ambao jina lake lasikika sawasawa na kazi ya kulea, umelimwa katika nchi za juu tangu maelfu ya miaka. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, navyo vililetwa Afrika na Wareno baada ya mwaka 1500. Watu wa pwani waliyaita mahindi kwa jina la Uhindi, maana waliona yametoka ng'ambo ya bahari. Muhogo ulikuwa mwokozi kweli: wavumilia ukame, wakaa ardhini mpaka uhitajiwe, wala nzige hawaufikii mzizi wake. Serikali za kikoloni ziliuhimiza uwe akiba ya njaa, na wengi waliponea kwa huo. Lakini katika sehemu 100 za unga wa muhogo mkavu, protini, yaani kile kijengacho mwili, haipati kuzidi sehemu 2 au 3. Katika ulezi ni kama 7, katika mtama kama 10, na katika kunde zapita 20. Mtu mzima akila ugali wa muhogo kwa samaki au kunde hapungukiwi na kitu. Mtoto mchanga apewaye uji wake mtupu, bila kitoweo, hupungukiwa. Basi zao lile lile lililowaponya wazazi na njaa lilidhoofisha bakuli la mtoto.

Wazee walikuwa na kinga nyingine, nayo haikuwa chakula bali mwiko. Katika makabila mengi mume na mke walitengana mpaka mtoto awe anatembea, au mpaka alikizwe. Kiswahili chalo neno kubemenda, yaani kumdhuru mtoto anyonyaye kwa wazazi kukutana kabla ya wakati wake. Wamijikenda huuita chirwa ugonjwa wa mtoto anyong'onyeaye kwa kuvunjwa miiko ya namna hii. Waganda nao walikuwa na obwosi, ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amechukua mimba nyingine upesi. Walisema joto la yule aliye tumboni lamwunguza huyu aliye mgongoni.

Sasa na tuvuke bara mpaka pwani ya magharibi. Mwaka 1929 mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alianza kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Huko aliwaona watoto waliovimba miguu, ambao ngozi ilibambuka na nywele kugeuka rangi, nao walikuwa wamelishwa uji wa mahindi mara tu walipolikizwa. Mwaka 1933 aliandika habari zao. Kisha akafanya jambo ambalo wataalamu wengi hawakulifanya: aliwauliza wenyeji jina la ugonjwa huo. Akaambiwa kwa lugha ya Waga wa Accra kuwa ni kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake azaliwaye. Mwaka 1935 aliliandika jina hilo katika gazeti la waganga la London, nalo likaenea duniani pote. Waga na Waganda wametengwa na bara zima, lakini wote wawili walikuwa wameona jambo lile lile, nao walikuwa wamelitia katika lugha zao kabla waganga hawajalitambua.

Waganga wenyewe walikawia. Wengine walidhani ni minyoo, wengine kaswende. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuhamia hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1935, kwa muda mrefu aliuhesabu kuwa namna ya pelagra. Mwaka 1950 Brock na Autret walizunguka nchi nyingi za Afrika kwa ajili ya mashirika ya dunia ya afya na ya chakula, na taarifa yao ya mwaka 1952 ikasema kwamba kinachokosekana ni protini. Trowell na wenzake, Davies na Dean, walitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huu mwaka 1954. Aliporudi Uingereza, Trowell akapewa daraja ya upadre.

Hapa yatupasa kuitazama kazi ya misheni bila upendeleo. Walimu wengi walifundisha kwamba mwiko wa kutengana ni ushirikina, tena wauendeleza uwike wengi. Nao hawakusema uongo, maana mara nyingi ilikuwa hivyo. Huko Katanga, wakubwa wa machimbo walifungua majiko ya kuwalisha watoto, na baadhi yao walitaka kunyonyesha kuwe kwa muda mfupi ili kuzaliwe wafanya kazi wengi. Katika pande zote mbili miiko ilitazamwa kuwa kizuizi tu, wala wachache waliuliza ilikuwa ikilinda nini. Sababu waliyoitaja wazee, yaani lile joto la tumboni, haikuwa ya kweli. Lakini tendo lenyewe lilimpa mtoto miaka miwili au mitatu ya maziwa, katika nchi ambayo uji peke yake haukuweza kumtosha. Mwiko ukiondolewa pasipo kuwekwa kitu mahali pake, alipaye gharama ni mtoto.

Wala mila zote hazikuwa kinga. Wanawake wa Buganda walikatazwa mayai, kuku na kondoo. Na mtoto alaye katika chungu cha mama hupata kile tu apatacho mama. Tena majina kama chirwa yalimtia mama aibu, kana kwamba ugonjwa wa mwanawe ni ushahidi wa uzinzi. Kwa hiyo alimficha nyumbani siku ambazo angaliweza kuponywa.

Dawa ilipopatikana haikutoka mbali. Mwaka 1965 huko Mulago ilifunguliwa nyumba ya Mwanamugimu, yaani mtoto mwenye siha, ambamo mama hukaa na mwanawe mgonjwa na kumponya kwa chakula. Chakula hicho ni kitobero: ndizi au viazi pamoja na maharage au karanga, mboga za majani, na samaki au nyama kidogo, huvukizwa katika jani la mgomba ndani ya chungu kile kile cha jamaa.

Baadaye ilionekana kwamba protini si neno lote. Uji wa wanga hunywa maji mengi na kuvimba: ukiwa mzito mtoto hawezi kuumeza, na ukitiwa maji tumbo lake dogo hujaa kabla hajashiba. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walionyesha kwamba kijiko kidogo cha unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Waliokunywa togwa hawakushangaa. Watu wa nyanda za kusini wamewapa watoto wao kinywaji hicho cha kimea tangu zamani.

Shauri litolewalo na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2001 ni hili: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha chakula kingine pamoja na maziwa hayo hayo mpaka miaka miwili au zaidi. Tazameni kwamba kuanza kula na kuacha ziwa ni mambo mawili, nayo yapasa kutengwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Desturi nyingi za kale ziliyatenga hivyo. Zilikosa pengine kwa kumpa mtoto uji mapema mno.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba aliwalisha maziwa wala si chakula kigumu, kwa kuwa hawajakiweza. Mwalimu aliyesoma habari hizi atafahamu kwamba mfano ule ulitoka katika elimu ya akina mama. Mama akimletea mtoto aliyevimba miguu, asianze na ungamo lake. Aulize kwanza mtoto amelikizwa lini, na bakulini mwake mna nini.