Mashamba ya Viungo ya Unguja: Kutoka Karafuu ya Sultani hadi Meza ya Mkulima

Mashamba ya viungo ya Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, yako kwenye ardhi yenye rutuba iliyo mashariki na kaskazini mashariki mwa Mji wa Zanzibar, katika vijiji kama Kizimbani, Kidichi na Dole. Mgeni huzungushwa shambani, akanusa na kuonja, kisha akanunua viungo kwenye banda la mwenye shamba. Matembezi haya ni desturi changa, lakini ardhi yenyewe ina historia ya karne mbili za kilimo cha biashara.

Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mwaka 1770 Wafaransa waliitorosha kutoka huko na kuipanda Mauritius, na baadaye Réunion. Mapema katika karne ya 19 miche ilifika Unguja. Anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abry, na Mtoni na Kizimbani ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuipanda. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliitambua faida yake, akayatwaa mashamba ya Saleh na kuwashurutisha wenye ardhi wapande mikarafuu. Mnamo mwaka 1840, Sayyid Said alipokuwa amehamishia makao yake Unguja, zao hili lilikwisha kuwa nguzo ya utajiri wa kisiwa.

Utajiri huo ulitoka katika jasho la watumwa. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, kishada kimoja baada ya kingine, kwenye matawi yanayokatika upesi. Baada ya hapo huchambuliwa kutoka kwenye makonyo na kuanikwa juani kwa siku kadhaa. Kazi hiyo ilihitaji watu wengi kwa wakati mmoja, na wenye mashamba waliipata kwa kununua watu waliotekwa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria.

Wakati huo Unguja ilikwisha kupoteza nafasi yake ya kwanza katika kilimo cha karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho na kukiacha kisiwa jirani cha Pemba bila madhara makubwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo hasara haikuweza kufidiwa haraka. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba.

Sura ya shamba la leo ilianza kujengeka baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Serikali ilitaifisha ardhi na kuzigawia familia eka tatu tatu. Kwa kuwa eka tatu zilipaswa kuilisha familia nzima, zao moja halikutosha: muhogo, migomba na minazi ilipandwa pamoja na viungo. Katika shamba la namna hii mpilipili manga hutambaa kwenye shina la mfenesi, iliki na tangawizi hukua kivulini, na majani yanayoanguka hufunika udongo na kuurutubisha.

Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu iliporomoka, kwa sababu Indonesia, mnunuzi mkubwa wa zao hilo kwa ajili ya sigara zake, ilianza kujitosheleza. Zanzibar ikafungua milango ya uwekezaji na utalii, na watembezaji wa mjini wakaanza kuwapeleka wageni mashambani.

Matembezi yenyewe ni darasa la kunusa na kugusa. Kiongozi hukwangua gome la mdalasini, kisha huchimbua kipande cha mzizi wa mti uleule, na mgeni hushangaa kwamba mzizi unanukia kafuri. Tunda la kungumanga likipasuliwa, basibasi nyekundu huonekana imeikumbatia kokwa ya kahawia. Mbegu za mzingifuri hupakwa mdomoni kama rangi. Mkwezi hupanda mnazi akiwa na kitanzi cha kamba miguuni, huku vijana wakisuka kofia na vikapu kwa makuti mabichi.

Mwishoni ni banda lenye meza ya pakiti za iliki, manjano, pilipili manga na vanila, pamoja na sabuni na mafuta ya mlangilangi. Meza hii ina uzito kwa mkulima. Karafuu yake sharti aiuze kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lakini viungo vingine anaweza kumuuzia mnunuzi moja kwa moja.

Kwa mnunuzi anayejali jinsi kiungo kilivyolimwa, kuna kipimo: mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha kiwango cha pamoja cha kilimo hai, chenye nembo ya Kilimohai. Nembo hiyo hutolewa baada ya ukaguzi, hivyo shamba lisilotumia mbolea wala dawa za viwandani, lakini halijakaguliwa, haliwezi kuitumia. Mnunuzi anayetaka uhakika aulize kama shamba limekaguliwa, kiungo kilivunwa lini na nani aliyekilima, kisha anunue papo hapo. Kwa sehemu kubwa ya karne mbili, bei ya kiungo cha Unguja ilipangwa na sultani, mfanyabiashara au shirika. Kwenye meza ya shambani, aliyekilima ndiye anayeitaja.